Slaidi themanini, na bado hawajaelewa

Mwezi huu wahadhiri wameandika kuliko wanafunzi, na karibu barua zote zinagusa jambo moja: vifaa na programu zilizoingia madarasani mwa vyuo vikuu, na namna ya kuzitumia bila somo lenyewe kupotea. Mimi hufundisha takwimu, zaidi kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwa hiyo mifano yangu mingi inatoka huko. Wenzangu wa fasihi, sheria na uuguzi waigeuze iwafae. Barua nyingine nimezifupisha.

Nikipunguza slaidi wanasema sijafundisha

*Mwalimu, nafundisha historia. Kila mhadhara naandaa slaidi kama themanini na kuzipakia kwenye jukwaa la masomo kabla ya kipindi. Darasani wananitazama tu. Kwenye mtihani wananirudishia vichwa vya slaidi bila maelezo yoyote. Muhula uliopita nilijaribu kupunguza, wakaandika kwenye fomu za tathmini kwamba sifundishi. Nifuate lipi?*

Ndugu yangu, slaidi themanini ni kitabu. Kitabu mtu hukisoma peke yake, kwa mwendo wake, akirudi nyuma anapokwama. Ukikipitisha ukutani kwa mwendo wako, msomaji hana pa kurudi.

Anza na maneno yaliyojaa kwenye slaidi. Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Marekani, amechunguza suala hili kwa miaka mingi na wenzake. Mtu anayetazama picha huku akisikiliza maelezo hujifunza vizuri zaidi kuliko anayetazama picha ileile, akisikiliza maelezo yaleyale, na papo hapo akisoma maneno hayohayo yaliyoandikwa. Macho yanavutwa kwenye maandishi, masikio yanavutwa kwako, na picha uliyoitafuta kwa taabu haiangaliwi na mtu. Basi ondoa sentensi. Acha ramani, picha ya zamani, barua iliyotoka kwenye hifadhi ya nyaraka, grafu ya idadi ya watu. Sentensi zote zihamishie kwenye waraka wa kurasa chache na upakie huo, wasome kabla au baada. Hapo hakuna atakayesema umemnyima kitu.

Halafu wakatize. Ukishaeleza kwa dakika kumi na tano hivi, zima projekta kabisa, uwaambie wafunge madaftari na waandike kwa kumbukumbu sababu tatu za tukio ulilolieleza. Dakika tatu zinatosha. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha mwaka 2006 jaribio ambalo nalikumbuka kila ninapopanga kipindi. Kundi moja la wanafunzi lilisoma makala na kuyarudia, jingine lilisoma kisha likaandika linachokikumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka zaidi kwa tofauti kubwa. Mitihani yako haiji baada ya dakika tano.

Kuhusu malalamiko, yana chanzo chake na yanajulikana. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard walilinganisha wanafunzi wa fizikia waliosikiliza mhadhara mtamu na waliofanyishwa kazi darasani. Waliofanyishwa kazi walijifunza zaidi, lakini wenyewe walidhani wamejifunza kidogo. Kufikiri kunachosha, na mtu aliyechoka hujiona hajaelewa. Waambie hivyo siku ya kwanza ya muhula, kwa maneno yako, na uwaonyeshe matokeo hayo. Mimi huwaambia wangu, na nimeona uvumilivu wao ukiongezeka. Usiwafiche sababu ya unachowafanyia. Ni watu wazima.

Wanafunzi mia nne ukumbini

*Mwalimu, chuo kimeahidi kutununulia rimoti ndogo za kupigia kura, ili wanafunzi wajibu maswali na matokeo yatokee kwenye skrini. Nina wanafunzi mia nne wa baiolojia. Nasubiri kwa hamu. Je, zitasaidia kweli au ni mapambo? Na zikichelewa nifanye nini?*

Usisubiri. Anza kesho, kwa karatasi.

Mbinu hii ilipata umaarufu kupitia Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Aligundua kwamba wanafunzi wake walikokotoa hesabu ngumu bila shida, ila ukiwauliza swali jepesi la dhana, lisilo na hesabu hata moja, walikwama. Akaanza kuuliza swali la kuchagua katikati ya mhadhara. Kila mmoja anajibu kimya. Majibu sahihi yakiwa kati ya asilimia 30 na 70 hivi, anawaambia wageukiane na kila mmoja amshawishi jirani yake. Kisha wanapiga kura tena. Wakipata karibu wote, unasonga mbele. Wakikosa karibu wote, unaeleza upya.

Mwaka 2008 Nathaniel Lasry alilinganisha madarasa yaliyotumia rimoti na yaliyoinua kadi zenye herufi. Mbinu ilikuwa moja. Katika kujifunza hakuona tofauti ya maana. Rimoti inakuhesabia, inakutunzia rekodi, na inamficha mwenye aibu asionekane alichochagua. Hizo ni faida, na zikifika zipokee kwa mikono miwili. Ila zinazofundisha ni swali na yale mabishano ya jirani na jirani. Michelle Smith na wenzake walionyesha mwaka 2009, tena katika somo lako la baiolojia, kwamba mazungumzo hayo huinua uelewa hata pale ambapo katika kikundi hakuna hata mmoja aliyekuwa na jibu sahihi mwanzoni. Nilipousoma utafiti huo nilifurahi sana, maana nilikuwa nikilisikia jambo hilo kwenye makelele ya ukumbi bila kuwa na ushahidi.

Kwa hiyo muda wako utumie kutunga swali. Swali zuri lina jibu baya linalovutia. Ninalolipenda mimi ni hili: wafanyakazi tisa wamepangwa kwa mishahara, kuanzia mdogo hadi mkubwa. Mwenye mshahara mkubwa kuliko wote anaongezewa maradufu. Kati ya wastani na thamani ya katikati, kipi kinabadilika? Wengi husema vyote. Waache wabishane. Atatokea mmoja atakayeandika mishahara tisa kwenye kona ya daftari, amwonyeshe jirani kwamba yule wa tano bado amekaa palepale, na ubishi unakwisha bila mimi kufungua mdomo. Mkono wa mwanafunzi ndio uliofundisha.

Kwenye baiolojia una hazina ya maswali ya namna hii. Waulize uzito mkubwa wa mti mkavu umetoka wapi: ardhini, kwenye maji, au hewani. Kisha kaa chini uwasikilize.

Mashine inasema asilimia 82

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mhadhiri msaidizi, huu ni mwaka wangu wa kwanza kazini. Idara yetu inatumia programu inayosema ni asilimia ngapi ya insha imeandikwa na akili mnemba. Mwanafunzi wangu mmoja kapewa asilimia 82. Analia kwamba kaandika mwenyewe. Mkuu wa idara anataka nimpe sifuri. Nimemfundisha muhula mzima, na sentensi zile nazijua, ni zake. Niamini mashine au niamini ninachokijua?*

Marahaba mwanangu. Usimpe sifuri. Namba hiyo si ushahidi, na nitakueleza kwa nini kwa hesabu ili uwe na la kumwambia mkuu wako.

ChatGPT ilitolewa tarehe 30 Novemba 2022. Miezi michache baadaye, Januari 2023, kampuni hiyohiyo iliyoitengeneza, OpenAI, ilitoa chombo cha kutambua maandishi ya mashine. Kwa vipimo vyao wenyewe kilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na kiliwasingizia binadamu kwa asilimia 9. Julai mwaka huohuo wakakiondoa kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo.

Sasa chukua darasa la wanafunzi 200. Tuseme 20 wametumia mashine na 180 wameandika wenyewe. Chombo chenye viwango hivyo kitawakamata 5 kati ya wale 20. Kati ya wale 180 wasio na hatia, kitawatuhumu 16. Orodha itakayofika mezani kwako ina majina 21, na 16 kati yake ni ya watu waliofanya kazi yao kwa jasho lao. Kumi na tano waliotumia mashine hawamo. Hesabu hii huwafanyisha wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza, na wakimaliza darasa hunyamaza, kwa sababu kila mmoja anajiona miongoni mwa wale 16.

Utaambiwa programu za siku hizi ni bora kuliko ile. Uliza basi: inawasingizia wangapi kati ya mia, na imepimwa kwa maandishi ya nani? Swali la pili ndilo zito. Mwaka 2023 Weixin Liang na wenzake wa Stanford walizipa programu saba za utambuzi insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo ziliitwa kazi ya mashine. Insha za wanafunzi wa Marekani wa darasa la nane zilipita karibu zote salama. Sababu yake inaeleweka: programu hizi hutazama kama maneno yanatabirika, na mtu anayeandika kwa lugha ya kujifunza hushika maneno ya kawaida na miundo aliyofundishwa. Yaani anayejitahidi kuandika kwa usahihi katika lugha ya pili ndiye anayenaswa. Hili linaniuma, na naomba kila mhadhiri anayesoma safu hii liume na moyo wake pia.

Cha kufanya wiki hii ni kukaa na mwanafunzi wako dakika kumi na insha yake mezani. Usimhoji kama mtuhumiwa. Muulize kwa nini alianza na hoja hii, ni sehemu gani ilimpa taabu, ni nini alikiandika akakifuta. Kama aliandika kwenye programu inayotunza historia ya mabadiliko, mwombe akuonyeshe rasimu zake za awali. Aliyeandika mwenyewe ana mengi ya kusema kuhusu njia aliyopita. Kisha mwandikie mkuu wa idara, kwa adabu na kwa maandishi, ulichokiona, na uambatishe ile hesabu ya 16 na 5. Wewe ni mchanga kazini na najua inahitaji ujasiri. Andika hata hivyo.

Muhula ujao badilisha kazi yenyewe. Insha ya kurasa kumi inayotolewa leo na kurudi baada ya mwezi, bila mtu kuona kilichopita katikati, imekwisha muda wake. Igawe: wiki ya pili wakuletee swali lao na vyanzo vitatu, wiki ya nne aya moja waliyoiandika kwa mkono darasani, wiki ya sita rasimu, na mwishoni kila mmoja aelezee kazi yake kwa mdomo dakika tano. Kwenye darasa kubwa gawana na wenzako zamu za kusikiliza.

Na usiifukuze akili mnemba darasani. Mimi huwapa wangu kazi hii: iombe mashine ieleze maana ya thamani ya p, ile namba ya takwimu inayoambatana na matokeo ya utafiti, kisha tafuta palipopotoka. Zipo sentensi ambazo mashine na vitabu vingi huteleza, kama ile isemayo kwamba p ya 0.03 maana yake kuna uwezekano wa asilimia 3 tu kwamba dai la kutokuwepo tofauti ni kweli. Si kweli. Namba ile inasema: kama kweli tofauti haipo, data iliyopotoka kiasi hiki au zaidi ingeonekana mara 3 kati ya 100. Mwanafunzi anayeweza kuonyesha kosa hilo na kulisahihisha kwa sentensi zake ameelewa, na sijali amefungua programu gani. Kwenye vyanzo niko mkali. Mashine hizi hubuni vitabu na makala zisizokuwepo, zikiwa na majina ya waandishi na miaka kamili. Kila chanzo kinachotajwa kwangu lazima mwanafunzi aweze kunifungulia ukurasa alioutumia.

Nizipige marufuku laptopu?

*Nusu ya darasa wanaandika maelezo kwenye laptopu, nusu nyingine sijui wanatazama nini. Mwalimu, nizifukuze?*

Usizifukuze zote, maana yupo ambaye bila hiyo hawezi kusoma wala kuandika, na ukiwafukuza wengine akabaki yeye peke yake umemtangaza mbele ya darasa. Zipangie mahali. Faria Sana na wenzake nchini Kanada walionyesha mwaka 2013 kwamba anayefanya mambo mengine kwenye laptopu wakati wa mhadhara hupata alama za chini, na aliyeketi mahali anapoiona skrini hiyo naye huumia. Wenye laptopu wakae nyuma au pembeni, na uwaeleze ni kwa nini. Wakati wa majadiliano, vifuniko vyote chini.

Rekodi ya saa mbili haifunguki

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi mwaka wa pili. Wahadhiri wetu wanarekodi mihadhara, video ya saa mbili mfululizo. Simu yangu haina nafasi na intaneti inakatika. Rafiki yangu haoni, na vitabu wanavyotupakilia programu yake ya kusoma kwa sauti inasema ukurasa ni mtupu. Tukilalamika tunaambiwa tusiwe wavivu. Tufanye nini?*

Marahaba mwanangu. Hakuna uvivu hapo. Jibu hili nawaandikia wahadhiri wenu, nanyi muwapelekee.

Wenzangu, video ya kiwango cha megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa. Saa mbili ni 900. Sauti yenu peke yake, ikihifadhiwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde, kiwango kinachotosha kwa mtu anayezungumza, haifiki megabaiti 15 kwa saa. Mhadhara usiohitaji kuonwa pakieni kama sauti, na picha tatu au nne muhimu kwenye waraka mmoja wa pembeni. Panapohitaji kuonekana, kama kuchora grafu au kupasua mlinganyo hatua kwa hatua, rekodini kipande kifupi. Philip Guo na wenzake walichunguza mwaka 2014 vipindi milioni 6.9 vya watu kutazama video za masomo za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, na wakaona kwamba usikivu wa mtazamaji wa kawaida hauvuki dakika sita hata video iwe ndefu vipi. Waliona pia kwamba mkono unaochora huku mtu akieleza hushika watazamaji kuliko slaidi tupu. Vipande vya dakika sita humlazimisha hata mwalimu kujua anataka kusema nini.

Kuhusu rafiki yako, sababu ninaijua. Vitabu hivyo vimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Kwa macho ni maandishi, kwa programu ni picha isiyo na herufi hata moja. NVDA, programu ya bure inayotumiwa na wasioona wengi duniani, haiwezi kusoma kilichopo humo mpaka picha zigeuzwe kuwa maandishi kwa programu ya kutambua herufi. Kazi hiyo huchukua dakika chache kwa kitabu, na maktaba nyingi za vyuo zinaweza kuifanya. Njia rahisi ya kupima kabla ya kupakia ni kujaribu kuchagua neno moja kwenye ukurasa kwa kipanya. Likikataa kuchaguliwa, rafiki ya mwanafunzi huyu hatalisikia. Wala mhadhiri asiniambie hana asiyeona darasani kwake. Hajamuuliza mtu.

Wewe na rafiki yako andikeni barua moja, ya heshima, mtaje somo na kichwa cha kitabu, mwombe kipande kimoja kirekebishwe wiki hii. Ombi dogo lenye jina la kitabu ni gumu kulikataa.

Nimebakiza miaka michache nistaafu

*Mwalimu mwenzangu, nimefundisha sheria kwa chaki na sauti yangu, na wanafunzi wangu wengine leo ni majaji. Sasa tumeagizwa kila kitu kiwe kwenye Moodle, lile jukwaa la masomo la mtandaoni. Nimepelekwa kwenye semina, nikaonyeshwa vitufe vingi mno. Vijana wananicheka. Nianzie wapi, au niache tu?*

Mzee wangu, usiache. Sauti yako na maswali yako ndivyo vilivyowatoa hao majaji, na hakuna programu iliyokuja kuchukua nafasi ya hivyo. Moodle ilianzishwa na Martin Dougiamas wa Australia, toleo lake la kwanza kamili likatoka mwaka 2002, na tangu hapo watu wengi wameiongezea mambo. Ndiyo maana vitufe ni vingi. Hakuna mhadhiri anayevitumia vyote, na wale vijana hawavitumii pia.

Jifunze kimoja tu muhula huu: jaribio fupi. Mwombe mmoja wa vijana wanaokucheka akae nawe mchana mmoja. Wewe tunga maswali matano kuhusu kesi mliyoisoma wiki hiyo, kwa ukali uleule unaowauliza darasani, na kwa kila jibu baya andika sentensi moja ya kueleza limepotoka wapi. Yeye akuonyeshe pa kuyabandika. Lifunguliwe jioni, lifungwe saa mbili kabla ya kipindi, na lisibebe alama nyingi, ili wasione sababu ya kuibiana.

Asubuhi ya kipindi fungua ripoti ya majibu. Itakuonyesha kwa kila swali wangapi wamechagua jibu gani. Tafuta swali ambalo wengi wamelikosa kwa njia moja, uingie nalo darasani, uliandike ubaoni kwa chaki yako, na uanze nalo.